Mwizi wa Barakoa

Hospitali ndogo ya vifua iliyokuwako Mtopanga, miaka michache kabla ya uhuru, ilijengwa na wafanyibiashara wa Kisauni kwa nia njema na kwa kushindana. Mmoja alitoa kiwanja, mwingine mabati, mwingine akachimba kisima, na kila mmoja akahakikisha jina lake limepakwa rangi juu ya kile alichotoa. Bwana Aqil Awadh, muuza nguo mwenye duka kando ya barabara ya Malindi, alitoa vitanda na mashuka. Na kwa kuwa pasipo vitanda hiyo ingekuwa nyumba tu yenye kisima, wenziwe wakamchagua kuwa mwenyekiti wa halmashauri. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, asiyevaa kanzu yenye kunyanzi, na hata alipoomba maji ya kunywa ungedhani anasomesha.

Muuguzi mkuu alikuwa Philister Achieng, mwanamke wa bara, mke wa fundi wa reli wa Changamwe. Juma zima alilala katika chumba cha wauguzi, na Jumapili akavuka kisiwa kwenda kumwona mumewe. Siku ya kwanza alipokwenda kujitambulisha nyumbani kwa mwenyekiti, Bi Zubeida, mke wa Bwana Aqil, alimkaribisha kwa Kimvita chake: “Ndoo, mwanangu, ndoo ndani.” Philister, asiyejua kwamba ndoo ya Mvita ni njoo, akaangaza huku na huku akitafuta ndoo anayotakiwa kuingia nayo, hata Samiha, mkwe wa nyumba ile, akamshika mkono na kumwingiza huku akijizuia kucheka. Bi Zubeida alikisimulia kisa hicho mtaa mzima. Tangu siku hiyo akawa anampenda Philister, kama watu wanavyompenda mtu aliyewapa jambo zuri la kusimulia.

Kilichomletea Philister sifa, na baadaye taabu, ni barakoa. Kila aliyeingia wodini mwa wagonjwa wa kifua kikuu alivaa puani na mdomoni kitambaa cha bafta, tabaka juu ya tabaka, chenye kamba nne za kufungia kisogoni. Hospitali haikuwa na uwezo wa kuvaa kitambaa mara moja na kukitupa. Kilivaliwa, kikavuliwa, kikasafishwa hadi kikawa salama, kikavaliwa tena. Katika kazi hiyo Philister hakuwa na masihara. Barakoa iliyotumika haikushikwa ila kwa kamba zake, ikatiwa moja kwa moja ndani ya ndoo ya dawa yenye mfuniko. Hapo Chengo, dobi wa hospitali, aliifua kwa sabuni, akaichemsha na kuianika juani. Watu wengi wangeishia hapo. Philister alizipanga zile zilizokauka ndani ya mkebe wa bati na kuzitia kwenye mtungi wa mvuke, chombo kizito cha chuma kilichokazwa kwa skurubu na kuunguruma juu ya stovu mpaka madirisha yakatoka jasho.

“Iliyotoka juani ni nguo iliyofuliwa,” alizoea kuwaambia wauguzi wake. “Iliyotoka mtungini ndiyo barakoa.”

Ili mtu asije akaigeuza na kujifungia puani upande ule uliokoholewa, kila moja ilitiwa uzi mwekundu ukingoni kuonyesha upande wa nje.

Bafta ya kwanza ilipoanza kuchakaa kwa kuchemshwa, Philister alikwenda mbele ya halmashauri kuomba nyingine. Wazee wakakaa mchana kutwa, wasijadili bafta bali jina. Yeye alikuwa amesema “maski”.

“Maski si neno, binti,” Bwana Aqil akamwambia kwa upole. “Hiyo ni sauti tu.”

Mjumbe mmoja akapendekeza iitwe barakoa, kwa kuwa nayo hufunika uso. Bwana Aqil hakuridhika. Barakoa, alisema, ni vazi la mabibi wenye heshima zao. Nyanya yake alivaa barakoa yenye nakshi mpaka anaingia kaburini, wala hakuivaa kwa ajili ya makohozi ya watu. Mwingine akasema basi iitwe kizuia pumzi. Mwenziwe akamjibu kwamba kizuia pumzi ni kitanzi. Ilipoadhiniwa magharibi wakainuka, jina halijapatikana wala bafta haijapatikana. Wafanyakazi wa hospitali, ambao hawakuulizwa, wakaendelea kusema barakoa.

Jambo moja tu halmashauri iliafiki: wake wa wajumbe waalikwe hospitalini waone kazi inavyofanywa, pengine wataingiwa na huruma ya kushona. Wakaja. Philister akawaonyesha ndoo, sufuria, mkebe na mtungi, akawaeleza kila hatua. Wengi walikaa mbali na harufu ya dawa, wakijipepea na kuulizana mahali iliponunuliwa leso aliyojitanda fulani. Bi Zubeida peke yake alisogea.

“Na mtu asiye na mtungi huu wa chuma,” akauliza, “afanyeje?”

“Atie mkebe ndani ya sufuria kubwa yenye maji kidogo chini, afunike, aweke jiwe juu ya kifuniko, aache mvuke upite muda mrefu,” Philister akasema. “Haiwi sawa na hii, lakini si haba.”

Wenziwe wakafinyana. Bi Zubeida na maswali yake.

Haukupita muda mrefu, barakoa zikaanza kupungua.

Mwanzoni Philister alidhani zimechanganyika na mashuka. Akapekua kabati, akapekua kapu la nguo chafu, asione kitu. Kila juma ilitoweka moja au mbili, na zilizotoweka zilikuwa nzima, zilizokwisha toka mtungini. Akamwita Chengo. Chengo akatoka jasho, akaapa kwa mamake, akaapa kwa mizimu ya kwao Kaloleni, akaanza kueleza mambo ambayo hakuulizwa. Ukweli ni kwamba Chengo alikuwa mwizi, ila si wa barakoa. Kwa muda mrefu alikuwa akikata vipande vya mche wa sabuni na kwenda navyo nyumbani kwapani, na dhamiri yake haikuwa na nafasi ya kubeba wizi mwingine. Lakini mtu akitoka jasho hivyo, nani atakaa ampambanulie jasho la sabuni na jasho la bafta?

Wodini hali ikawa mbaya. Wauguzi walipokezana barakoa zilizosalia, wengine wakaingia nazo zingali na unyevu, na mmoja Philister alimkuta ameziba mdomo kwa ncha ya leso. Akarudi kwa halmashauri kuomba bafta.

“Kuongeza bafta ni kumlisha mwizi,” Bwana Aqil akasema. “Apatikane mwizi kwanza, kisha bafta. Anayeiba barakoa ya hospitali ni sawa na muuaji, na mimi nikimjua simwachi, awe mtoto wa nani.” Akakohoa, kikohozi kirefu cha chini, akapangusa midomo kwa leso ya mfukoni. “Vumbi la majora,” akasema, kama alivyosema kila mara. “Muuza nguo hufa na vumbi lake.”

Wajumbe wakacheka kwa adabu. Alipopumua akaongeza, kwa kuwa maneno yalimpendeza siku hiyo, kwamba dunia inaharibika lakini nyumbani kwake, alhamdulillahi, haya imerudi. Mkwewe Samiha siku hizi hamjii ila leso imefika puani. Hata mkewe, Mama Salem, mtu mzima, ameanza kujifunika kinywa akimpakulia chakula. “Nimewasemeza miaka,” akasema. “Mwishowe wamesikia.” Kisha wakakata shauri kwamba Chengo ataachishwa kazi kikao kijacho, asipotokea mwizi mwingine wa kumtangulia.

Katikati ya hayo, Samiha alikuwa amejifungua mtoto mwanamume. Mumewe Salem alikuwa Unguja kwa shughuli za duka, lakini arubaini haikungoja, na Bi Zubeida akamwalika Philister. Philister akaja na kofia ya sufu aliyoifuma mwenyewe, kama wafumiwavyo watoto wa bara kwenye baridi. Wanawake wakaisifu sana, wakaiweka mbali na mtoto.

Uani kulijaa moshi wa udi, sinia za kaimati na mazungumzo ya watu wote kwa pamoja. Wanaume walikuwa barazani upande wa mbele, na sauti ya Bwana Aqil ilisikika ikieleza jambo, ikikatwa na kikohozi, ikieleza tena. Aliagiza aletewe mjukuu. Bi Zubeida akarudisha jibu kwamba mtoto amelala. Akaagiza tena baadaye, akajibiwa kwamba mtoto anaoga. Philister alisikia mwanamke mmoja akicheka kwamba babu wa watu hajampakata mjukuu wake hata mara moja. Kila akimtaka, ama amelala, ama anaoga.

Samiha akamwita Philister chumbani amtazamie mtoto vipele vya joto shingoni. Alikuwa amejitanda leso hadi chini ya macho, kwa kuwa baba mkwe wake alikuwa ametoka hapo kitambo kidogo, amekuja kubisha mlangoni yeye mwenyewe. Philister akainama. Mtoto, mwenye mikono isiyojua inachotaka, akakamata upindo wa leso na kuuvuta.

Chini ya leso kulikuwa na barakoa ya bafta yenye uzi mwekundu, na uzi ulikuwa upande wa nje.

Jambo la kwanza lililomjia Philister kichwani, na alilionea haya baadaye, ni kwamba imefungwa vizuri kuliko wanavyofunga wauguzi wake. Samiha macho yakamjaa machozi.

“Mama,” akaita kwa sauti ndogo.

Bi Zubeida akaingia, akaona, akafunga mlango nyuma yake. Hakujitetea wala hakuomba radhi. Alikaa kitandani kwa uzito, kama mtu aliyeambiwa hatimaye atue mzigo.

“Nani anakohoa, mama?” Philister akauliza, ingawa sauti ya barazani ilikuwa ikimjibu.

“Mwenye nyumba.”

“Tangu lini?”

“Tangu kabla ya Ramadhani. Kwanza kikohozi. Kisha jasho; naamka alfajiri nakuta mto umerowa. Kisha kanzu zikaanza kumpwaya, nami nazipunguza usiku wa manane asitambue. Majuzi nimeona damu kwenye leso yake ya mfukoni. Nimeifua, nikanyamaza.”

“Yeye anasemaje?”

“Vumbi la majora.”

“Na wewe hukumwambia.”

“Mwanangu, mume wangu amejenga hospitali ya kifua kikuu. Amesimama mbele ya watu akasema maradhi haya ni ya wenye nyumba chafu. Miye nimwambie nini? Nikasema, basi, yeye ni wa Mungu, lakini huyu mchanga na mamake nitawakinga. Wewe mwenyewe ulitufunza.”

Akamchukua Philister jikoni kwa mlango wa ndani. Juu ya mafiga kulikuwa na sufuria kubwa ya kupikia biriani, jiwe la kusagia limekaa juu ya kifuniko. Ndani yake, mkebe wa biskuti uliotobolewa ubavuni ili mvuke upite, na ndani ya mkebe barakoa zimelala moja juu ya moja kama maandazi. Kila Alhamisi Bi Zubeida alipopeleka mikate hospitalini kuwatazama wagonjwa, kapu lake lilirudi na bafta chini ya kitambaa. Hakuna muuguzi ambaye angelipekua kapu la mke wa mwenyekiti.

“Mumeo ana duka zima la nguo,” Philister akasema. Sauti yake ilikuwa imeanza kupanda. “Bafta iko jora kwa jora. Kwa nini yangu?”

“Dukani kila wari wa kitambaa ana khabari nao. Angeniuliza ni ya nini. Hospitalini hakuna aulizaye.”

“Wameuliza, mama. Wamemshika Chengo. Kikao kijacho anafukuzwa.”

“Nimesikia,” Bi Zubeida akasema, akainamisha kichwa. “Nimempelekea mkewe mchele.”

“Mchele.”

“Na nazi.”

Philister alishika ukingo wa meza. Alikuwa na hasira, na hasira hiyo ilimsumbua kwa kuwa hakujua pa kuielekeza. “Umemkinga mjukuu mmoja,” akasema pole pole, “na wauguzi wangu wanaingia wodini na ncha ya leso. Nao wana watoto.”

“Najua.”

“Ulijua ukachukua.”

“Nilijua nikachukua,” Bi Zubeida akasema. “Usinifanye mwema, Sista. Niambie la kufanya.”

Yale ambayo Philister alimwambia yalikuwa mepesi kuyasema. Barakoa zirudi. Mzee apimwe. Alilolibakiza moyoni ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kumpeleka Bwana Aqil mahali ambapo hakupendekeza mwenyewe. Jumamosi kapu la mikate likaja hospitalini zito kuliko kawaida. Barakoa zote zilikuwamo, zimechemshwa, zimepitishwa mvukeni na kupigwa pasi, isipokuwa chache ambazo Samiha alibaki nazo na ambazo Philister hakuziulizia. Siku hiyo hiyo alizungumza na daktari, aliyekuja mara moja kwa juma kutoka kisiwani, na daktari akakubali kwamba watu wote waingiao hospitalini, mkubwa na mdogo, wapimwe makohozi. Alishangaa tu kwamba halikufanywa zamani.

Kikao kikafika. Chengo aliitwa asimame mlangoni kungojea kufukuzwa kwake, amevaa shati lake la kanisani.

“Barakoa zimepatikana,” Philister akasema kabla mwenyekiti hajafungua kinywa. “Zilikuwa kabatini, chini ya mashuka makuukuu. Kosa ni langu. Sikuhesabu vizuri.”

Kisha Bwana Aqil akainuka, na kwa muda mrefu, kwa Kiswahili kilichonyooka kama kanzu yake, akamfunza Philister ubaya wa kumdhania binadamu mwenzako. Alimweleza hatari ya kumchafulia jina mnyonge asiye na wa kumtetea. Alimkumbusha kwamba mkuu wa kazi asiyejua hesabu ni hasara kwa waliomwajiri. Wajumbe waliitikia kwa vichwa. Philister alisimama mikono nyuma, akasikiliza hadi mwisho, akasema, “Nimekosa, mzee.” Chengo mlangoni alilia kwa kuonewa kwake, akadai aombwe radhi mbele ya watu, akaombwa. Juma lile sabuni ilipungua kuliko kawaida, na hakuna aliyekuwa na uso wa kumwuliza.

“Liko jingine,” Philister akasema, na hapo akatumia maneno aliyokuwa ameyapanga njia nzima. “Daktari ameagiza watu wote wapimwe makohozi, wafanyakazi na halmashauri. Wafanyakazi wana hofu. Wamesema hawatakubali mpaka waone mfano. Sijui ni nani miongoni mwenu atakayependa kuanza.”

Wajumbe wakatazama sakafu. Bwana Aqil alitazama wajumbe.

“Mwenyekiti ndiye wa mbele,” akasema, “katika sala na katika jambo kama hili.”

Asubuhi yake alikohoa ndani ya kikopo, akakikabidhi kwa daktari kama mtu anayekabidhi hati ya kiwanja.

Majibu yaliporudi, wajumbe wote walikuwa wazima. Chengo alikuwa na kifua cha punda. Daktari akamketisha Bwana Aqil katika chumba cha dawa na kumwambia yaliyomo kifuani mwake. Bwana Aqil alimsikiliza kwa subira ya mtu anayemsubiri mtoto amalize.

“Vikopo vimebadilishwa,” akasema. “Hicho ni cha Chengo.”

Wakapima tena. Wakampeleka kisiwani apigwe picha ya kifua, na daktari akaiinua picha ile dirishani amwonyeshe lile doa jeupe upande wa juu. Bwana Aqil alilitazama muda mrefu. Aliuliza kama vumbi la majora laweza kufanya doa kama hilo. Daktari akasema haliwezi. Hakuuliza tena. Njia nzima ya kurudi, garini, daraja la Nyali likigonga chini ya magurudumu, alikaa wima na mikono magotini, na Philister aliyekaa kando yake aliona kwa mara ya kwanza jinsi shingo yake ilivyokuwa nyembamba ndani ya ukosi wa kanzu.

Akalazwa kwenye kitanda alichokitoa mwenyewe, karibu na dirisha. Asubuhi ya kwanza aliona chai yake imesimama mlangoni mikononi mwa muuguzi, haiingii.

“Chai hiyo yangoja nini?”

“Yangoja barakoa, mzee,” muuguzi akasema kutoka kizingitini. “Zimo mtungini. Zilizobaki hazitoshi, nyingine zimechanika kwa kuchemshwa.”

“Hospitali hii haina bafta?”

Muuguzi alikuwa amelelewa vizuri, akaiinamia chai. Philister aliyekuwa akipita akajibu kwa niaba yake.

“Halmashauri ilisema apatikane mwizi kwanza.”

Bwana Aqil alikunywa chai baridi. Kabla ya adhuhuri akatuma neno dukani, na jioni majora ya bafta yakashushwa uwanjani mwa hospitali, mengi kiasi kwamba wauguzi walishona barakoa na mapazia. Halmashauri, ambayo haikuwa imesahau desturi zake, ikapaka maandishi ukutani nje ya chumba cha mtungi: Barakoa hizi ni hisani ya Bwana Aqil Awadh. Hivyo neno likapata idhini.

Katika juma la pili Bi Zubeida alikuja baada ya alasiri na mkate wa sinia. Mlangoni muuguzi alimpa barakoa. Aliipokea kwa kamba, akaigeuza uzi mwekundu ukatazama nje, akafunga kamba za juu juu ya masikio, akafunga za chini kisogoni, akaifinya puani, na wakati wote huo alikuwa akimuuliza muuguzi hali ya watoto wake. Alipoketi kando ya kitanda, mumewe alikuwa akimtazama.

“Umeifunga upesi,” akasema.

“Si kazi ngumu.”

“Ndugu yangu jana aliifunga juu chini. Wamemvua mara mbili.”

Bi Zubeida akafungua mkate. Bwana Aqil aliyatazama macho yake juu ya kile kitambaa cheupe, kisha leso yake, ambayo leo ilikuwa imeanguka mabegani kwa kuwa haikuwa na kazi.

“Tangu lini, Mama Salem?”

“Tangu kabla ya Ramadhani.”

“Na Samiha?”

“Na Samiha.”

Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Bila kuambiwa na mtu alijiziba mdomo na kuugeuza uso dirishani mpaka kikapita. “Nami nikiwaambia watu ni haya,” akasema.

“Haya ilikuwamo pia.”

“Na hizo mlizovaa, mlizitoa wapi?”

Bi Zubeida alikata mkate, akamwekea kipande juu ya sahani. “Kula, Baba Salem. Ungali moto.”

Wodi ilikuwa tulivu. Mgonjwa mmoja alikuwa akisoma gazeti la zamani kwa sauti ya chini. Bwana Aqil akatupa jicho mlangoni kama kuna mtu karibu.

“Mwenyekiti asisikie,” akasema.

“Hasikii,” Bi Zubeida akamjibu. “Hajapata kusikia.”

Bwana Aqil akaula mkate, wote.

Sindano na vidonge vilichukua muda, masika ikapita, na vuli, lakini kifua kilikauka. Bwana Aqil alirudi nyumbani amenenepa kidogo, akampakata mjukuu aliyekwisha anza kutembea, na halmashauri ikamrudisha kwenye kiti chake. Mwaka uliofuata Philister aliomba kazi katika zahanati moja ya Changamwe apate kuwa karibu na mumewe, na watu wa huko wakauliza halmashauri ya Mtopanga sifa zake. Wajumbe walikuwa tayari kumsifu: ni hodari, ni mwaminifu, ana huruma; ila, kwa haki, isemwe kwamba katika hesabu si mtu wa kutegemewa.

“Hilo lisisemwe,” Bwana Aqil akasema.

“Lakini alikiri mwenyewe, mwenyekiti, mbele yetu sote.”

“Nilikuwapo. Semeni hesabu yake ni nzuri kuliko yetu.”

Wakamngojea aeleze, kwa kuwa hakuna jambo alilokuwa akilipenda zaidi ya kueleza. Hakueleza. Akaomba litajwe shauri linalofuata, lile la kisima. Wenziwe walipotoka nje waliafikiana, kwa masikitiko, kwamba maradhi yamempunguza akili.